Nimefeli mtihani wa kuingilia sheria kwa alama tatu. Nirudie au nishike njia nyingine?

#1 Mtoto_wa_Bombo
Wakuu salaam.

Sizunguki mbuyu. Nina miaka 20. Mwaka jana nilifanya mtihani wa kuingilia kozi ya sheria chuoni hapa Uganda, nikapata 47. Mstari ni 50. Chuo sikitaji, msinichimbe.

Kidato cha sita nilichukua HEL (Historia, Uchumi na Fasihi), nikatoka na pointi 16, Historia nikiwa na A. Mwalimu wa fasihi alishaanza kuniita "wakili" mbele ya darasa. Sasa nikipita Bombo sokoni mama wa samaki ananiuliza, "Wakili, kesi yangu lini?" Najifanya naongea na simu.

Dai langu ni hili: mtihani ule haupimi akili ya sheria. Unapima nani anasoma Kiingereza haraka. Nyumbani kwetu ni Kinubi na Kiswahili, Kiingereza nilikutana nacho shuleni. Msimamizi alipotangaza dakika kumi, mimi nilikuwa bado nabishana na kifungu cha habari kuhusu uvuvi. Yaliyobaki nikajaza C kuanzia juu mpaka chini.

Waliorudia wakafaulu, mlibadilisha nini? Na waliorudia wakafeli tena, nanyi semeni, msione haya.

#2 Rolex_Mbili
47 si kuanguka, ni kuteleza mlangoni na soksi.

Ila Kiingereza usikisingizie. Sisi kwetu Mukono hata mbwa anafukuzwa kwa Kiingereza, na nilipata 39.

#3 BusiaBorder
Si nilisikia LDC (Law Development Centre) walishaufuta huo mtihani? Kijana unalilia maiti iliyozikwa.

#4 DadaAkello
@BusiaBorder umechanganya mafaili. LDC ni mlango wa pili. Unaingia pale ukiwa na digrii ya sheria mkononi, kwenda kusomea uwakili wenyewe. Nao waliwahi kuwa na mtihani wao wa kuingilia, na ulikata watu waliokwisha kuvaa joho la digrii. Lakini kijana anaongelea mlango wa kwanza, wa kuanza LLB, yaani digrii ya kwanza ya sheria, miaka minne. Makerere wanao, UCU (Uganda Christian University) Mukono nao wana wa kwao.

Mdogo wangu wa Bombo, mimi ni wa waliorudia. Nitakuja kuandika nikitoka kazini.

#5 Mwalimu_Mstaafu
Nimefundisha GP (General Paper, somo la maarifa ya jumla) na hesabu miaka mingi, Arua na kwingineko. Kijana, kabla hatujakupa dawa tupime damu. Maswali uliyoyajibu kweli ulikosa mangapi? Na ambayo hukuyafikia ni mangapi? Malaria na taifodi zote zinaleta homa, ila ukimpa wa taifodi dawa ya malaria unamzika.

Wakati anatafuta jibu, nyinyi wengine jibuni haya mawili. Bila kalamu, bila kikokotoo, sekunde thelathini kila moja.

Kwanza: kilo ya sukari ni shilingi 5,000. Bei inapanda kwa asilimia 20, kisha inashuka kwa asilimia 20. Sasa bei iko juu ya ile ya mwanzo, chini yake, au palepale?

Pili: mawakili wote ni wasomaji. Baadhi ya wasomaji ni walevi. Je, ni lazima baadhi ya mawakili wawe walevi?

#6 Rolex_Mbili
Kwanza: palepale. Imepanda 20, imeshuka 20. Mwalimu hata hili?

#7 BusiaBorder
La pili: NDIYO. Tena si baadhi. Nimewaona kwa macho yangu Wandegeya Ijumaa usiku, na tai shingoni.

#8 Nyanya_Chungu
@Rolex_Mbili nauza duka, nikuamshe. Ikipanda inakuwa 6,000. Sasa asilimia 20 inakatwa kwenye 6,000, si kwenye 5,000. Inatoka 1,200. Inabaki 4,800. Ukiwa mteja wangu nitakutajirikia.

#9 Rolex_Mbili
Kwanza duka gani hilo linaloshusha bei?

#10 Mwalimu_Mstaafu
Nyanya Chungu amepata. Na wewe Rolex, 39 yako sasa naielewa.

BusiaBorder umeingia shimoni na miguu miwili. Hakuna aliyekuuliza umeona nini Wandegeya. Swali linasema baadhi ya wasomaji ni walevi. Walevi hao huenda wote ni walimu kama mimi, na hakuna wakili hata mmoja kati yao. Kwa hiyo *si lazima*. Chukua mfano mwingine: bodaboda wote wana helmeti. Baadhi ya wenye helmeti ni polisi. Je, lazima baadhi ya bodaboda wawe polisi?

#11 Rolex_Mbili
Bodaboda WOTE wana helmeti?? Mwalimu unaishi Kampala ipi, niambie nihamie.

#12 Mwalimu_Mstaafu
Hapohapo ndipo mnapofia. Nimekwambia wote. Barabarani ni hadithi nyingine, kwenye karatasi ni wote. Mtihani wa aina hii unakupa dunia ya mistari mitatu na unataka ujibu ukiwa ndani yake. Mtoto mwenye A ya Historia anakuja na dunia yake nzima kichwani, anaanza kumsahihisha mtunga swali.

Kijana, ndiyo maana sikubali dai lako la Kiingereza hivihivi. Huenda ulisoma vizuri kabisa, ukajibu kwa unayoyajua badala ya yaliyoandikwa.

#13 Mtoto_wa_Bombo
Shikamoo mwalimu. Sikuyafikia kama kumi na tano hivi. Niliyokosa katika niliyoyajibu sijui, karatasi haikurudishwa.

Lakini kifungu cha uvuvi umenigusa. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi, nilikuwa naona kabisa mwandishi anadanganya kuhusu nyavu.

#14 Mwalimu_Mstaafu
Marahaba. Umeona sasa?

#15 Hajji_Kisenyi
Assalaam alaykum. Naongeza kisa. Mpwa wangu alifeli, tukaambiwa kuna tuisheni ya uhakika, jina la kituo naliacha. Nililipa laki tatu. Wiki mbili, chumba kimoja watoto themanini, halafu akapewa bunda la fotokopi, "maswali yenyewe haya". Nikafungua kurasa za maarifa ya jumla. Limeandikwa: *Rais wa kwanza wa Uganda ni Benedicto Kiwanuka.* Nikalifunga nikaenda kuswali.

Mpwa akafeli tena. Mimi nasema tatizo ni hawa wauza bunda.

#16 BusiaBorder
Hajji pole. Kila mtu anajua Kiwanuka alikuwa Jaji Mkuu, na waziri mkuu wa kwanza ni Obote.

#17 Afande_Mstaafu
BusiaBorder, nusu kweli. Kiwanuka alikuwa waziri mkuu kabla ya Obote. Serikali ya madaraka ya ndani ilianza 1 Machi 1962, yeye ndiye aliyekuwa kitini. Uchaguzi wa Aprili ukamtoa, akaja Obote, na uhuru 9 Oktoba 1962 ukamkuta Obote ndani. Rais wa kwanza ni Kabaka Mutesa, 1963. Ujaji mkuu Kiwanuka aliupata baadaye, wakati wa Amin, Mganda wa kwanza katika kiti hicho. 21 Septemba 1972 wakamchukua pale pale Mahakama Kuu. Hakurudi.

Kila siku mnapanda takisi kwenye barabara yenye jina lake hamjui ni nani.

#18 DadaAkello
Asante afande. Na tazameni swali linavyoweza kugeuzwa: "waziri mkuu wa kwanza" na "waziri mkuu siku ya uhuru" ni majibu mawili tofauti. Neno moja tu, na alama yako imekwenda.

#19 Rolex_Mbili
Mimi nina hoja ya kisheria. Tangu 2022 Kiswahili ni lugha rasmi Uganda. Kwa nini mtihani usiletwe kwa Kiswahili? Mtoto wa Bombo angepata 90.

#20 DadaAkello
Rolex, kila ukigusa kitu kinavunjika 😂. Kiswahili kiliingia kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005. Fungua ibara ya 6. Na pale pale wakaongeza kwamba kitatumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. 2022 ni Baraza la Mawaziri, lilipitisha kutekeleza agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki na kukifundisha shuleni. Lugha ya mahakama zetu ni Kiingereza, na hukumu utakazosoma miaka minne ni Kiingereza. Kwa hiyo wanaopima kasi ya Kiingereza hawajakosea sana, hata kama inauma.

#21 Mpwani_Kampala
Hamjambo. Mie mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa huku. Dada yangu yuko Uingereza, bintiye alifanya mtihani wao wa sheria uitwao LNAT. Maswali 42 ya kuchagua juu ya vifungu vya habari, dakika 95, kisha insha ya dakika 40. Nao hauulizi sheria hata chembe. Mifano yake imewekwa bure mtandaoni na wenye mtihani wenyewe. Bwana mdogo, badala ya kununua bunda la Hajji, fanya hiyo. Vifungu ni vigumu kuliko vya huku, ukirudi kwa vyako utaviona uji.

Ila wenzetu wa LNAT hawaruhusiwi kurudia mwaka huohuo. Ukiharibu, ngoja mwaka mwingine, kama wewe tu.

#22 Lira_Boy
Mimi nilitumia vitabu vya LSAT, mtihani wa kuingilia sheria wa Marekani. Ile sehemu ya mafumbo, watu saba wanakaa kwenye viti saba, fulani hataki kukaa karibu na fulani. Inanoa ubongo kweli.

#23 Mpwani_Kampala
Kaka, hiyo ya viti wameiondoa tangu Agosti 2024. Zilizobaki ni sehemu za hoja na ufahamu. Vitabu vyako ni vya zamani.

#24 Lira_Boy
Sijui kama wameiondoa, ubongo wangu haujaambiwa. Kwa huku bado inafaa. Halafu Marekani unaruhusiwa kurudia mpaka mara saba maishani.

#25 Rolex_Mbili
Mara saba! Hiyo ndiyo nchi yangu.

#26 Nyanya_Chungu
Wewe ya sukari umekosa na sukari unainunua kila siku.

#27 DadaAkello
Nimetoka kazini. Naandika kwa kirefu, wenye haraka ruka.

Mara ya kwanza nilipata 44. Nililia, nikasema watoto wa mawaziri ndio wanaopita. Mwaka ule nilipata kibarua kwenye duka la fotokopi Wandegeya, nalala Bweyogerere. Muda wangu wa kusoma ulikuwa takisi tu, asubuhi na jioni. Konda anapiga kelele, mtu wa nyuma ana kuku, foleni ya Nakawa haisogei. Nilikuwa na tahariri moja ya gazeti kila safari, New Vision au Daily Monitor, yoyote iliyobaki dukani. Sheria yangu: takisi ikifika Kireka niwe nimemaliza. Kabla ya Nakawa niseme kwa sentensi moja mwandishi anataka nini. Si anaongelea nini, ANATAKA nini. Mwezi wa kwanza nilikuwa nafika Nakawa sina sentensi. Mwezi wa tatu nilikuwa namaliza tukiwa bado Kireka stendi.

La pili ni daftari la makosa. Kila swali nililokosa nyumbani niliandika mistari mitatu: nilijibu nini, jibu ni nini, na *kwa nini mkono wangu ulikwenda pale*. Huo wa tatu ndio mgumu, maana unataka kuandika "sikujua" na si kweli. Bado ninalo, nimelitoa kabatini sasa hivi. Ukurasa mmoja: "Swali 14: nilijua. Waliandika *isipokuwa*, sikuiona." "Swali 22: nilijua, nilibadilisha jibu mwishoni." "Swali 31: sikujua asilimia." "Swali 33: isipokuwa TENA, mjinga mimi." Nilipohesabu makosa arobaini ya kwanza, kumi na saba nilikuwa najua jibu.

Mara ya pili nikapata 61.

Simkatalii mwalimu, ila kwangu haikuwa kuleta dunia yangu kwenye karatasi. Ilikuwa haraka ya woga. Nilikuwa nakimbia kwenye maswali mepesi ili nipate muda wa magumu, naangushwa na mepesi.

#28 Mtoto_wa_Bombo
Dada, nimesoma mara mbili. Asante.

#29 BusiaBorder
Mnampamba tu. Ukweli ni kwamba viti ni vichache. Waombaji wengi, viti vichache, lazima wengi waanguke hata wangekuwa malaika. Daftari halitengenezi kiti.

#30 DadaAkello
Kama wangepita mia wa kwanza tu, ungekuwa sahihi. Lakini mstari ni 50. 47 yake haikusukumwa na mtu, ni yake.

#31 BusiaBorder
Na anayetunga karatasi ngumu ili wachache wafike 50 ni nani? Mstari haujasogea, ila mlima umeinuliwa.

#32 DadaAkello
Hilo sina jibu lake.

#33 BusiaBorder
Tarehe iandikwe. Nimemshinda wakili.

#34 Nusu_Wakili
Kaka wa Bombo, mimi nilifeli mara moja nikasema basi. Nikaenda chuo kingine kisichokuwa na mtihani, sasa niko mwaka wa tatu. Nasoma Katiba ileile, mkataba uleule, kesi ileile ya 1932 ya Donoghue na konokono wake wa kwenye chupa ya kinywaji. Tukimaliza tutakutana sote LDC, hakuna atakayeuliza uliingilia mlango gani. Angalizo moja tu: hakikisha kozi imeidhinishwa na Law Council, wasimamizi wa elimu ya sheria nchini, kabla hujalipa hata shilingi. Usiulize ofisi ya udahili, uliza Law Council wenyewe.

#35 Hajji_Kisenyi
Na ada je? Maana hapo ndipo mpwa wangu alipokwama.

#36 Nusu_Wakili
Hajji, ada ndiyo inayonifanya niandike uzi usiku badala ya kulala. Zinatofautiana sana, chukua karatasi ya ada uisome mpaka mwisho, pale kwenye "malipo mengineyo".

#37 Lira_Boy
Kuna pia Diploma ya Sheria ya LDC, halafu unaomba LLB kwa diploma. Na mlango wa watu wazima, ukitimiza miaka 25.

#38 DadaAkello
Kweli, lakini asidhani anaukwepa mtihani. Makerere hata mwenye diploma anaufanya. Na ana miaka 20, angoje mitano ili akutane na karatasi ileile?

#39 Afande_Mstaafu
Nilikuwa magereza, Luzira. Nawaambia jambo moja. Susan Kigula alikuwa amehukumiwa kunyongwa, na alisoma sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa mle ndani. Kesi yake yeye na wenzake zaidi ya mia nne ndiyo iliyofika Mahakama ya Juu 2009, hukumu ya kifo ya lazima ikaondolewa. Hakuwa na takisi ya Bweyogerere. Hakuwa na intaneti. Nyinyi mnasema muda hakuna.

#40 Rolex_Mbili
Afande, unataka tufungwe ndipo tufaulu?

#41 Afande_Mstaafu
Wewe ungefaa.

#42 Nyanya_Chungu
😂😂 Mimi nacheka peke yangu dukani, mteja ameondoka.

Ila turudi kwa kijana. Mbona hamna aliyeuliza alikula nini? Mwanangu wa kwanza alifeli mtihani wa namna hii, tukamtafuta mchawi. Kumbe aliamka saa kumi Masaka, takisi, foleni, akaingia chumbani saa tatu hana hata chai. Mara ya pili nilimlaza kwa dada yangu Kikoni, asubuhi akanywa chai na mihogo, akatembea kwa miguu. Akapita. Daftari hakuwa nalo.

#43 Mtoto_wa_Bombo
Mama, umenitoa jasho. Mimi nilitoka Bombo saa kumi na moja, nikafika wanafunga mlango.

#44 Nyanya_Chungu
BASI. Uzi umekwisha.

#45 Mwalimu_Mstaafu
Haujakwisha. Chai haihesabu asilimia. Watoto wa HEL wengi wameiacha hesabu kidato cha nne, wanakuja kuikuta mlangoni miaka miwili baadaye. Kijana: asilimia, uwiano, wastani, kusoma jedwali. Manne hayo tu, maswali kumi kila siku, mwezi mmoja.

#46 Mtoto_wa_Bombo
Wiki tatu zimepita, narudi na ripoti.

Nimeamua kurudia, na fomu ya diploma ninayo kabatini endapo. Jumamosi nilifanya karatasi ya majaribio maswali 50, saa ya ukutani mbele yangu, kaka mdogo ndiye msimamizi. Nilikula mihogo. Nimepata 31. Saba sikuyafikia. Katika 12 niliyokosa, manne ni "isipokuwa", matatu ni hesabu, mawili nimeyakosa kwa sababu nilijua zaidi ya mwandishi, na matatu mpaka sasa naona mimi ndiye niko sahihi.

Kwa hiyo sijui nani kati yenu ameshinda.

#47 Mwalimu_Mstaafu
Hayo matatu yalete hapa.

#48 Rolex_Mbili
Na mimi nimejiandikisha mwaka huu. Msicheke. Nimeanza na sukari.

#49 BusiaBorder
Kila la heri vijana. Lakini jamani, mawakili walevi wapo. Jana tena, Wandegeya.